Nyasi za London, Chemba ya Upanga

Ankara ya mwaka ya huduma za jengo letu hapa London imefika. Kwenye mstari wa matunzo ya bustani nimetozwa kiasi ambacho Dar kingefyeka uwanja mzima wa mpira, tena na chai juu. Bustani yenyewe ni kipande mbele ya mlango. Ukitandika mikeka miwili kimekwisha. Kijana huja na mashine ya kupuliza, anayasukuma majani makavu upande wa jirani, upepo unayarudisha, naye anaondoka. Mstari unaofuata: usafi wa ngazi. Ghorofa ya pili kuna doa la soda lina umri mkubwa kuliko mkataba wangu wa upangaji. Nikimlalamikia jirani, ananishauri nimwandikie barua pepe wakala anayesimamia jengo.

Kwa dada yangu Upanga, Dar, kwenye zile nyumba za Msajili wa Majumba (Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, lakini nani kakubali?), ngazi zina zamu. Ukiruka zamu yako, mama wa ghorofa ya kwanza hakuandikii chochote. Anakusubiri pale chini, ufagio mkononi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, watoto hawajambo? Kazini kwema? Na mkeo? Kabla salamu hazijaisha, ufagio umeshauchukua mwenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo usiseme: vijana mtaroni, redio dirishani, na mzee asiyeinua hata jani anasimamia wote.

Mtaniuliza: na chemba je? Kweli, chemba ikiziba kikao hakiishi. Wa juu wanasema hayawahusu, wa chini ndio wanaonusa. Luku ya pampu ikiisha, jengo zima limesafiri. Sikatai. Lakini mdaiwa anajulikana, na mweka hazina anakaa mlango wa tatu. Ukitaka hesabu unabisha hodi.

Kinachoniuma hapa London si hela peke yake. Anayepiga deki ngazi zetu alfajiri ni mama wa kwetu Afrika. Analipwa saa moja tu kwa jengo zima, kisha anakimbilia basi kwenda jengo jingine. Doa lile angeling'oa saa ngapi? Mimi natozwa utadhani amelipwa siku nzima. Katikati yetu kuna wakala, kuna mkandarasi wa wakala, na mkandarasi wa mkandarasi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika ufagio. Sheria ya hapa ya 1985 inampa mlipaji haki ya kudai mchanganuo wa gharama na kukagua risiti. Mwaka huu nadai.

Sasa nasikia fleti mpya za Dar nazo zinauzwa kwa sifa ya huduma za Ulaya. Ndugu yangu unayenunua, sheria yetu ya 2008 inawapa wamiliki wa sehemu za jengo chama chao. Hudhuria vikao vyake, mweka hazina awe mkazi wa humo humo, na mkataba wa usafi utaje msafishaji mwenyewe analipwa shilingi ngapi.