Mugumo wa Thika na rekodi niliyoipoteza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wale walioniandikia kuulizia sehemu ya pili ya somo la hifadhidata wanivumilie kidogo. Leo hakuna msimbo. Leo nina habari za mti.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Kalimoni kumchukua shosho. Kwa miaka mingi ameniomba nimpeleke Thika aone mahali ulipoanguka mugumo, na kila mara nilikuwa na kazi. Safari yenyewe ni fupi hata kuona aibu: unafika Juja, unapanda matatu, umefika. Barabara hiyo ilipanuliwa na kampuni za Kichina ikafunguliwa mwaka 2012, na shosho huiita "ya Wachina" mpaka leo.

Kwa msomaji asiyeijua hadithi: kabla ya Wazungu kuingia nchi ya Wakikuyu, mtabiri Mugo wa Kibiru alisema watakuja wageni wenye ngozi kama ya chura mdogo na nguo kama mabawa ya kipepeo, na nyoka wa chuma atemaye moto. Jomo Kenyatta aliuandika utabiri huo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Reli yenyewe ilifika Thika mwaka 1913. Tena inasemekana Mugo alisema utawala wa wageni hao utakoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka.

Wakoloni, kwa mujibu wa hadithi, waliuzungushia mti ule chuma usianguke. Hapa mimi hucheka peke yangu. Kama huamini utabiri, chuma cha nini? Nimewahi kufanya kazi hiyo hiyo: mfumo mzee unayumba, mchana wakubwa wanasema hakuna shida, usiku wanakupigia simu uutie kiraka. Basi, radi ikapiga, mti ukapasuka na kuanguka mwaka 1963. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo Kenya ikapata uhuru.

Mugumo si mti wa kawaida. Mbegu yake huletwa na ndege, ikaota juu ya mti mwingine, kisha mizizi ikateremka polepole na kumzingira mwenyeji hadi afe. Wazee waliomba chini yake wakielekea Kirinyaga na kuchinja mwana-kondoo, na kuukata ilikuwa mwiko. Ndiyo maana shosho alivua viatu kwenye nyasi za Mugumo Gardens. Sikumwambia avue. Nami nikavua.

Tulipokaa kivulini akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Ile sauti ya guka wako, umeipata?"

Kabla guka hajafariki nilimrekodi kwa saa nzima na zaidi akisimulia habari za mti huu na za kijiji walichohamishiwa wakati wa hali ya hatari. Niliiweka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, mahali pamoja tu. Mimi, ninayewahubiria ninyi kila siku habari za nakala za akiba! Diski ikafa. Fundi mmoja akajaribu, wa pili akajaribu. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikimwambia shosho kwamba bado naitafuta.

"Imepotea, shosho," nikasema. "Haitapatikana."

Alinyamaza kwa muda mrefu, akachuma jani la nyasi, akalipasua katikati. Kisha akasema guka alikuwa akikosea sehemu moja kila mara. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa msichana mkubwa mwaka ule, na watu hawakupiga kelele za furaha kama guka alivyosimulia. Walinong'ona. Waliogopa kwamba mti umeanguka na Wazungu bado wapo.

Nikatoa simu. Chaji ilikuwa asilimia 19.

"Inaingia?" akauliza.

"Inaingia, shosho."

Akajifunga leso vizuri, akaanza upya kabisa, tangu siku aliyozaliwa. Simu ilizima kabla hajafika kwenye mti, kwa hiyo Jumamosi ijayo narudi Kalimoni. Dakika zile 41 nilizopata ziko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje kwa dada yangu Ruiru, na kwenye seva moja iliyo mbali sana na hapa. Somo la hifadhidata litakuja, nawaahidi.