Mchumba, hema na mamba wa Australia

Mtu akiwaambia anakwenda Australia mnawaza lile jengo la opera la Sydney na kangaruu wawili watatu. Mimi Sydney sikuiona hata kwa dirisha la ndege. Mchumba wangu alikuwa akisoma Darwin, kaskazini kabisa, kwenye eneo linaloitwa Northern Territory. Ukubwa wake unaipita Tanzania yetu, lakini watu ni kama laki mbili na nusu tu. Temeke peke yake inawameza wote na nafasi inabaki.

Nilikwenda kwa mwezi mmoja, Mei mwaka jana. Safari yenyewe haikuwa ya kula bata tu. Mwenzangu alishapata kazi hukohuko na alitaka nibaki. Mimi nina mama yangu Mbagala, magoti hayamsaidii tena, na sina ndugu wa kumwachia. Kila tulipoanza kulizungumza kwenye kile chumba chake tuliishia kununiana. Basi siku moja akaazima gari la rafiki yake, Land Cruiser ya siku nyingi, akatupia hema, fimbo mbili za kuvulia na sanduku la barafu. "Panda, mama," akaniambia. "Hili tukaliongelee porini."

Kutoka Darwin mpaka Timber Creek ni kama kilometa 600. Mpaka Katherine, kilometa 320 za mwanzo, sitawadanganya, barabara inachosha. Ni lami, miti myembamba, vichuguu. Vichuguu vingine vinampita mtu kimo, na kuna wahuni wamevivalisha mashati na kofia mpaka ukiviona kwa mbali unataka kupunga mkono. Kinachokuamsha usingizini ni malori. Jamani, kuna malori kule yanavuta matela matatu, urefu mita 53 na ushee! Likikupita, gari dogo linayumba kama karatasi. Likiwa mbele yako, unaomba dua kwanza ndipo uovateki. Usiku haturuhusiani kuendesha, maana ng'ombe na kangaruu hulala barabarani wanapotaka.

Baada ya Katherine unakata kulia kuelekea magharibi, na hapo ndipo nchi inapendeza. Majabali mekundu yanasimama kando ya mto Victoria kama kuta za ngome. Halafu, ghafla, mbuyu! Nilipiga kelele mwenzangu akakanyaga breki. Kumbe Australia nako kuna mibuyu, ndugu kabisa wa ile ya kwetu, ila tumbo lake limejaa kama chupa. Karibu na Timber Creek upo mmoja wenye maandishi ya tarehe 2 Julai, 1856. Waliyachonga watu wa msafara wa mpelelezi Augustus Gregory. Wenyeji Waaborijini wanauhesabu mti huo kuwa mahali patakatifu, na walikuwa wakiujua muda mrefu kabla hajaja mtu na kisu chake.

Msione Timber Creek ni kijiji cha kupita tu na kujaza mafuta. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Australia iliamua wenyeji wake, Wangaliwurru na Wanungali, walipwe dola zaidi ya milioni 2.5 za kwao. Serikali ilikuwa imeyagusa maeneo yao bila kuwafidia, kwa barabara na majengo. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa thamani ya udongo. Ilikuwa ya maumivu ya kutenganishwa na ardhi yao. Mwenzangu ndiye aliyenisimulia, na aliponyamaza nami nikanyamaza. Nilikuwa namfikiria mama.

Tukapiga kambi Big Horse Creek, ukingoni mwa mto. Ukingoni ni maneno tu! Mto ule una mamba wa maji chumvi, na dume lake laweza kufika mita sita. Walikuwa wameuawa karibu kwisha mpaka walipopewa ulinzi mwaka 1971. Sasa katika Northern Territory wanakadiriwa kufika 100,000. Masharti ni haya: hema mita 50 kutoka majini, ukivua simama mita tano nyuma, samaki usimparie mtoni, na usirudie palepale kila siku, kwani mamba anakariri. Mimi niliongeza langu: kwenda haja usiku ni wawili wawili na tochi.

Samaki anayetafutwa ni baramundi. Watu wa Mwanza wakimwona watacheka, maana ni sangara mtupu, mtoto wa baba mdogo. Ukoo wao ni mmoja. Ana kioja kimoja: kwa kawaida huanza maisha akiwa dume, akishakua mkubwa anageuka jike. Nilimwambia mwenzangu ajifunze hapo. Leseni haihitajiki, lakini samaki asiyefika sentimita 55 anarudishwa majini.

Jioni ya pili akaleta utani. "Nikipata mimi unabaki. Ukipata wewe tunarudi wote." Nikajua si utani, maana hakunitazama. Tukarusha chambo bandia saa mbili nzima, maji rangi ya chai ya maziwa, kimya. Halafu fimbo yangu ikajipinda. Samaki akaruka juu, akajitikisa, mimi napiga mayowe, yeye anasema, "Taratibu, usilegeze!" Tukamtoa, mweupe kama sahani ya fedha. Akaweka futi. Sentimita 49.

Hakusema kitu. Alimshika kwa mikono miwili, akarudi majini hatua chache kwa uangalifu, akamwachia.

Usiku tulikula maharage ya kopo na ugali wa unga wa Kiitaliano ule wa dukani, haukukaza vizuri lakini ulishuka. Moto ukafifia, baridi ikaingia. Hapo ndipo tulipoongea kweli, bila kununa, kwa sababu hakuna chumba cha pili cha kukimbilia na nje kuna mamba. Nilimwambia mama simwachi. Akaniambia deni la masomo hawezi kulilipa kwa mshahara wa kuanzia Dar. Yote mawili ni kweli. Tukakubaliana afanye kazi mwaka mmoja, alipe, mimi nirudi, na Desemba aje na wazee wake Mbagala.

Asubuhi tukapata baramundi wa sentimita 61. Alimpata yeye.

"Huyu hahesabiki," akasema, akatafuta kisu.

Tulimchoma kwa ndimu na chumvi, tukakunja hema. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumanne, na Jumanne nilipanda ndege.