Friji ya Utambi Ilipoondoka Nyumbani

Huenda wewe ni wa kizazi ambacho hakijawahi kuona friji inayowashwa kwa kiberiti. Usidhani nakufanyia mzaha. Friji hizo zipo, na sisi hapa Shimanzi tulikaa na moja hadi mwaka 2019.

Ilikuwa ya marehemu mjomba, aliyeitumia dukani kwake bara, mahali ambapo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Chini ina tangi la mafuta ya taa na utambi. Nyuma ina dohani ya kutolea moshi. Haina mota, hivyo haingurumi. Usiku husikii lolote.

Utauliza, moto unaletaje baridi? Ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na haidrojeni. Moto huyachemsha maji yenye amonia, nayo amonia hupanda kama mvuke. Ikifika juu hupoa na kuwa majimaji, kisha huingia penye haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo inaponyonya joto la ndani ya friji. Baadaye hurudi kwenye maji, na safari huanza upya. Mpango huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuuza friji hizo mwaka 1925. Zilitunza chanjo katika zahanati nyingi za vijijini, kwa hivyo tusizidharau.

Lakini nyumba yetu ina umeme. Kwa nini basi tuliendelea kununua mafuta ya taa? Jibu lilikuwa Mama. Ana ugonjwa wa sukari, na ndani ya friji hiyo mlikuwa na vichupa vyake vya insulini.

"Stima ina mwenyewe, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Utambi nauwasha mimi."

Na ushahidi alikuwa nao. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwaniambia niitegemee stima inayozimwa na tumbili?"

Sikuwa na jibu la kumshinda kwa maneno, basi nikanunua kipimajoto nikakitia ndani ya friji. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto jingi nguvu zake hupungua. Ikiganda imeharibika, hata kama itayeyuka na kuonekana nzima. Tuliandika hesabu kwa wiki mbili za mwezi wa Februari, nawe wajua Februari ya Mombasa ilivyo. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 4. Saa nane mchana kikasoma 12. Friji ya aina hii hutupa joto lake polepole kwenye hewa iliyo nyuma yake, na hewa ikiwa yenyewe ya moto, kazi huishinda. Mama alilitazama lile karatasi kwa muda mrefu. Utambi ulikuwa wake, lakini baridi haikuwa yake.

Yalikuwapo na mengine. Matangi ya mafuta ya Shimanzi tunayaona kila siku, lakini ujirani huo haukutupunguzia bei. Septemba 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuzuia wanaoyachanganya na dizeli. Tena moto unaowaka usiku kucha katika jiko dogo lililofungwa madirisha huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hata watalii wanaozunguka na magari yaliyofanywa nyumba wana friji za namna hii zinazotumia gesi, na wako wanaozing'oa na kutia friji za kawaida za majumbani.

Mama alikubali kwa sharti moja: "Nionyeshe kwanza stima ikipotea itakuwaje."

Sharti hilo lilikuwa na maana kuliko ubishi wetu wote. Tulinunua friji ya kawaida ya kompresa, tukaiacha imesimama saa kadhaa kabla ya kuichomeka ili mafuta ya kompresa yatulie. Tukaongeza frijigadi ya kuilinda umeme unaporudi kwa kishindo. Chupa za maji tulizigandisha. Umeme ukikatika, mlango haufunguliwi. Baridi hukaa kama saa nne. Zikipita, insulini hufungwa kwa kitambaa na kuwekwa katika boksi pamoja na zile chupa, bila kugusana na barafu. Mtungi wa udongo tulibaki nao kwa maji ya kunywa tu, maana hewa ya pwani ina unyevu mwingi na mtungi haupoi kama wa bara.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na kwingine haukurudi hadi kesho yake. Mama hakumwita mtu. Alihesabu saa zake nne, akahamisha dawa kwenye boksi, akatia na kipimajoto. Asubuhi kilisoma nyuzi 7.

Ile friji kongwe fundi alituonya tusiikate mabomba, kwa sababu amonia iliyomo ina nguvu na hudhuru macho na mapafu, na haidrojeni hushika moto. Yeye ndiye aliyeichukua, baada ya kung'oa mlango ili mtoto asije akajifungia ndani akicheza. Ukiwa nayo kwako, usiitupe ovyo.

Basi msomaji, ukitaka kubadilisha friji, usianze kwa kuuliza jirani ana ipi. Tia kipimajoto cha bei rahisi ndani ya uliyo nayo, ukisome asubuhi na mchana. Halafu mwulize yule ambaye uhai wake umo ndani ya friji hiyo anaogopa nini, na umjibu kwa vitendo kabla hujamtoa fundi dukani.