Msalaba, toka Bukoba hata Akalla

Utotoni mwangu Bukoba, ambako wamisionari wa Kiswidi waliingia mwaka 1942 baada ya vita kuwaondoa Wajerumani, na ambako moto wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulikuwa haujapoa, mhubiri alitufundisha kwamba ghadhabu ya Mungu ilitukalia sote mithili ya faini kubwa iliyokatwa barazani, tusiyo na uwezo wa kuilipa, hata akatokea Mwana akaitoa kwa damu yake badala yetu. Watu wazima walisimama hadharani wakaungama madhambi yao, huyu akirudisha jembe la wizi, yule akimtaka radhi nduguye. Nami nilisadiki kwa moyo wote, ila Baba nilimwogopa, na mapenzi yangu nikampa Mwana.

Imani hiyo nikaja nayo Akalla, mwisho wa reli ya chini ya ardhi kaskazini-magharibi mwa Stockholm, ambapo abiria hushukia katika pango la mwamba uliopakwa rangi ya manjano. Katika darasa letu la Biblia, lenye Watanzania, Wakongo wa Uvira na Bukavu, na bibi mmoja Mswidi, ndipo bibi huyo aliponijulisha habari za Paul Petter Waldenström, ambaye mwaka 1872 alichapisha katika jarida la Pietisten mahubiri yaliyowatikisa waumini wa Uswidi, akishikilia kwamba hapana andiko lisemalo Mungu alihitaji kupatanishwa nasi, kwani aliyegeuka ni mwanadamu, naye ndiye wa kurejeshwa. Ikhtilafu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa jumuiya ya kimisheni ya Svenska Missionsförbundet mwaka 1878. Mwaka 1930 mwanateolojia Gustaf Aulén naye akafufua rai ya mababa wa kale, kwamba msalabani Mungu mwenyewe alipigana na dhambi, mauti na Ibilisi, akashinda.

Nilisoma usiku baada ya usiku, na ile hofu ya Baba ikanitoka. Sasa nisalipo naanza naye, kwa kuwa aliyemtoa Mwana ndiye aliyetangulia kupenda. Lakini fundisho la badala sikuliacha. Mzee mmoja wa Uvira, ambaye jirani yake alijitokeza mbele ya wenye bunduki ili yeye apate kupita na wanawe, alituambia kwa sauti tulivu kwamba hawezi kuusoma msalaba asimwone aliyekufa mahali pake, nami sikuona insafu kumpinga. Bibi yetu hoja hiyo haimtoshelezi. Angali akiniuliza imeandikwa wapi, nami ningali nikimfungulia Isaya, sura ya 53.