Matembezi Katika Mtaa wa Dudley

Msomaji mpenzi, leo nakuomba ufunge kamba za viatu, maana tunakwenda mbali. Tutavuka Afrika yote na bahari ya Atlantiki, tushuke katika mji wa Boston, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nauli isikutie hofu. Safari hii twaifanya kwa gazeti, nasi tutapita njia moja tu, Dudley Street, katika mtaa wa Roxbury. Mtu wa shamba aliyezoea kutembea kwenda Misa ataimaliza kabla ya saa moja kwisha.

Habari za Marekani zinazotufikia ni za majumba marefu na fedha nyingi. Majumba hayo yapo kweli, tena hapa hapa Boston utayaona ukiinua macho. Lakini mimi nataka uinamishe macho utazame viwanja. Habari yetu ni ya udongo.

Twaanzia kituo kikubwa cha mabasi. Hadi mwaka 1987 palikuwa na reli iliyojengwa juu ya nguzo, treni zikipita juu ya vichwa vya watu. Uwanja huu uliitwa Dudley Square, kwa jina la Thomas Dudley, gavana wa kale wa koloni la Massachusetts. Wenyeji weusi hawakulipenda jina hilo, kwa kuwa ni la wakati ambapo sheria za koloni ziliruhusu utumwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 mji ulikubali kulibadili. Sasa uwanja waitwa Nubian Square, kwa kuikumbuka Nubia, ile nchi ya kale ya mto Nile. Barabara yenyewe ilibaki na jina lake la zamani. Basi tuifuate kuelekea mashariki.

Nyumba nyingi za huku ni za mbao, za ghorofa tatu, kila ghorofa jamaa moja. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na wakazi wengi walikuwa Wairish. Baadaye walikuja watu weusi kutoka kusini mwa Marekani, kisha watu wa Puerto Rico na wengine wasemao Kihispania, na watu wa Cape Verde, visiwa vya Afrika magharibi vilivyokuwa chini ya Wareno hadi mwaka 1975. Wazungu walianza kuhama, na fedha zikahama nao.

Hapo pana jambo la kuelezwa polepole. Katika miaka ya 1930 chombo cha Serikali ya Marekani kilichora ramani za miji kwa rangi nne. Kijani ilikuwa mahali pazuri pa kukopesha fedha, nyekundu mahali pa hatari, na mitaa ya watu weusi ilitiwa nyekundu. Fikiri maana yake, msomaji. Mtu ana kazi, ana mshahara, hana deni, lakini akienda benki kuomba mkopo wa kutengeneza paa anatazamwa mtaa anaokaa. Paa lavuja, nyumba yaoza, bei yashuka, na benki yasema: waona, tulijua mahali hapa ni pabaya. Mwaka 1977 Marekani ilitunga sheria ya kuwataka wenye benki wakopeshe pia katika mitaa ile ile wanakokusanya akiba za watu. Hata hivyo, mwaka 1992 wachunguzi wa Benki Kuu tawi la Boston walipima maombi ya mikopo ya nyumba. Waliona kwamba pale ambapo wazungu 11 katika 100 wangekataliwa, watu weusi na wa Kihispania wenye hali iyo hiyo wangekataliwa 17.

Mtaa wa Dudley uliumia kupita mitaa mingi. Wenye nyumba wengine waliona nyumba haina faida ila ikiungua, kwa kuwa bima italipa. Basi nyumba ziliungua usiku baada ya usiku. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, karibu theluthi moja ya ardhi ya huku ilikuwa tupu, viwanja wapata 1,300. Na kiwanja kitupu cha maskini hakikai kitupu. Malori yalikuja kutoka kwingine na kumwaga takataka: mabaki ya nyama, magari mabovu, friji kuukuu, vifusi vya majengo. Watoto walipita hapo wakienda shule. Ukikutana leo na mzee wa Dudley, atakuanzia habari yake kwa harufu.

Tumefika sasa kwenye kanisa la Mtakatifu Patrisi. Jina lenyewe lakwambia waliolijenga: Wairish, katika karne ya 19. Siku hizi wamo humo watu wengi wa Cape Verde, wakisali kwa lugha yao. Simama kidogo nje ya mlango, maana katika mkutano uliofanyika kanisani hapa mwezi wa Februari 1985 ndipo mambo yalipogeuka.

Mwaka uliotangulia, wakuu wa mfuko mmoja wa hisani, Riley Foundation, walikuja kutazama kazi za shirika moja la Kihispania la mtaani. Wakashangaa jinsi mahali penyewe palivyoharibika. Wakakusanya mashirika, makanisa na wataalamu, wakapanga chama cha kuufufua mtaa, kisha wakaita mkutano wawaeleze wenyeji mpango ulivyo. Watu wema, nia njema, na fedha ipo. Kuna wangapi kwetu ambao wangepiga makofi tu!

Halmashauri iliyopendekezwa ilikuwa na viti 23, na katika hivyo viti 4 ndivyo vilivyowekewa wakazi. Mama mmoja, Che Madyun, akasimama akauliza: ninyi mliokaa mbele, ni wangapi mnaoishi mtaa huu? Hakuna mkono ulioinuliwa.

Mimi kazi yangu ni kuandika, na daftari za mikutano nimeziandika nyingi. Najua jinsi swali kama hilo linavyoweza kuzimwa: mwenyekiti hukohoa, husema muda umekwisha, huomba sala ya kufunga. Wenye fedha wale hawakufanya hivyo, nami nawapa sifa yao. Walirudi wakaupangua mpango wao. Wakazi wakawa ndio wengi katika halmashauri, wakachaguliwa kwa kura, na viti vikagawanywa sawa kwa watu weusi wa Marekani, watu wa Cape Verde, wa Kihispania na wazungu, bila kutazama ni nani walio wengi. Mfuko wa Riley ukaendelea kutoa fedha. Chama kikaitwa Dudley Street Neighborhood Initiative, na yule Bibi Madyun akaja kuwa mwenyekiti wake kwa miaka mingi.

Chama cha namna hii hakigawi faida kwa mtu. Kikipata fedha, zinarudi kazini. Watumishi wake hulipwa mshahara, lakini kazi yao si ya mezani tu. Hupiga hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza: kitu gani kinakusumbua? Hutafuta wakalimani, maana mkutano wa Dudley husemwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kikrioli cha Cape Verde. Hupanga viti, hupika kahawa, huwatunza watoto mama zao waweze kukaa kikaoni. Mkurugenzi wa kwanza, Bwana Peter Medoff, aliajiriwa mwaka 1986, naye hakuanza na majengo. Alianza na lile walilolitaja watu wote mlangoni, yaani takataka.

Mwaka huo walianzisha kampeni ya kusema, Msitutupie takataka. Walifagia viwanja kwa mikono yao wenyewe, wakaandamana, wakamwita Meya Raymond Flynn aje aone. Bwana Flynn alikuwa Mkatoliki wa ukoo wa Kiirish, na baadaye alikuwa balozi wa Marekani kwa Baba Mtakatifu. Alikuja, na majalala yaliyoendeshwa kinyume cha sheria yakafungwa. Watu wakaona kwamba kelele zao zina nguvu. Mwaka 1987 wakatunga ramani yao ya mtaa, wapi nyumba, wapi bustani, wapi pa kuchezea watoto, na mji ukaikubali iwe ndiyo mpango wa Serikali.

Lakini ramani ni karatasi. Viwanja vyenyewe vilikuwa kama ubao wa dama: hiki cha mji, hiki cha mtu asiyejulikana aliko, hiki cha tajiri anayengoja bei ipande. Huwezi kujenga hata nyumba kumi pamoja kwenye vipande vya namna hiyo. Basi wakafanya jambo ambalo hakuna chama cha wakazi kilichokuwa kimelipata katika Marekani nzima. Serikali za kule, kama za kwetu, zina uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu kwa haja ya wote, na kumlipa fidia. Wakazi wa Dudley waliomba wapewe wao uwezo huo, na Novemba 1988 wakapewa. Walijifunga wautumie kwa viwanja vitupu tu, ndani ya eneo moja lenye umbo la pembetatu, pasipo kugusa nyumba wanamokaa watu. Mji nao ukatoa viwanja vyake kwa bei ya jina tu, na mwaka 1992 Ford Foundation ikawakopesha dola milioni 2 za kulipia vya watu binafsi.

Hapa ndipo naona akili yao kubwa. Wangaliweza kugawana viwanja, kila mtu achukue chake. Hawakufanya hivyo. Ardhi iliwekwa mkononi mwa amana ya mtaa. Msomaji wa pwani ajuaye wakfu ataelewa upesi: ardhi yenyewe haiuzwi tena. Mwenyeji hununua nyumba, hupewa hati ya kukaa juu ya ardhi kwa miaka 99, huweza kurithisha watoto wake. Akitaka kuuza, auze, lakini kwa bei iliyowekewa mpaka, ili anayekuja baada yake awe mtu wa kipato kama chake.

Utauliza: je, si kumnyima maskini faida ya mali yake? Wapo hata Boston wanaosema hivyo, na neno lao si la kudharauliwa. Tajiri akiuza nyumba anachukua ongezeko lote. Kwa nini wa Dudley achukue kidogo? Mimi nawajibu kwa yaliyotokea. Mtaa uliposafishwa, bei za Boston zilipanda vibaya sana, na watu wengi wa kipato kidogo wakasukumwa nje ya mitaa yao. Mwaka 2008 mikopo ya nyumba ilipoharibika Marekani nzima, benki zilitwaa nyumba nyingi huko Roxbury na Dorchester, lakini zilizokuwa juu ya ardhi ya amana ni chache sana. Waliofagia wamebaki. Nyumba zimezidi 200 sasa juu ya ardhi ile.

Wala jambo hili halikukaa Marekani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Voi, Kenya, wakazi wa kijiji cha mabanda kiitwacho Tanzania-Bondeni, kilichokuwa juu ya ardhi ya reli na ya shamba la mkonge, walichagua njia hiyo hiyo. Ardhi ikawa ya wote chini ya amana, nyumba ya kila mtu. Ukisafiri kwa treni au basi kwenda Mombasa, umepita karibu nao pengine bila kujua.

Turudi Dudley, tumalize njia. Ukutani pale pana picha kubwa iliyochorwa mwaka 1993, nyuso za watu wa rangi zote za mtaa. Kijana mmoja wa ukoo wa Cape Verde, John Barros, aliingia katika halmashauri akiwa na miaka 17. Baadaye akawa mkurugenzi wa chama, na mwaka 2013 akagombea umeya wa Boston. Hakushinda, lakini meya aliyeshinda alimpa kazi ya kusimamia uchumi wa mji.

Pinda sasa kulia, Brook Avenue. Hapa palikuwa na gereji. Leo pana nyumba kubwa ya kioo ya kuoteshea mboga, ambayo pia imo ndani ya amana. Nje theluji yaweza kufika magotini, na ndani mna nyanya. Wakazi wamepewa matuta yao humo. Mmoja hupanda pilipili, mwingine maharage ya kwao, na jioni mzee hufika na ndoo yake kumwagilia, akiongea Kikrioli na jirani anayemjibu kwa Kihispania.