Kamio ya Theluji

Mwezi wa Novemba, katika mwaka wangu wa pili kwenye kitivo chetu, nilimwomba kaka yangu dola 400 za minervali. Mwezi wa Januari alinitumia sanduku la karatasi ngumu lenye lori la plastiki ndani yake, vipande vipande, halijaungwa. Hapakuwa na hata dola moja. Nilipekua mara mbili, nikaitikisa karatasi ya maelezo, nikachungulia ndani ya matairi. Mama aliyebeba sanduku hilo kutoka Marekani, mtu wa kanisa lao, alikuwa amekaa kwenye kitanda changu akisubiri nifurahi. Nikafurahi mbele yake. Alipoondoka nililisukuma sanduku chini ya kitanda, na kwa wiki tatu sikumwandikia kaka yangu neno la asante.

Yeye namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku. Amenizidi miaka sita. Wale waliokulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, watanielewa nikisema kwamba malori ya kwanza ya Marekani tuliyoyaona tuliyatengeneza wenyewe: kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, lenye maandishi USA ubavuni, lilikatwa likawa kabini, magurudumu yalitoka kwenye ndala zilizochakaa, usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani ili mtoto aendeshe akiwa amesimama. Yaya alikuwa fundi, mimi nilikuwa utingo wake. Watoto wengine walitengeneza mabasi na magari ya wakubwa wa kambi. Yaya alitengeneza lori tu, na kila mara lilikuwa lori lile lile, lori la Baba.

Baba alikuwa dereva huko Kalemie kabla ya vita. Lori lake lilichukuliwa na watu wenye silaha mwaka 1998, naye akavuka ziwa pamoja na Mama na Yaya bila chochote. Mimi nilizaliwa upande wa pili. Baba alifariki kambini nikiwa na miaka minne. Basi lori lile nilijua kwa makopo tu.

Mwaka 2015 Yaya aliondoka na familia ya shangazi kwenda Louisville, jimbo la Kentucky, ambako leo Wakongo wanaosema Kiswahili ni wengi. Mama na mimi tulirudi Kalemie, kisha mimi nikaja Lubumbashi kusoma. Tangu hapo maongezi yetu na Yaya yalikuwa ya namna moja: tunamsalimu, tunamweleza shida, anasema ataona. Mwezi mwingine fedha zinafika, mwezi mwingine hazifiki. Hatukuwa tena na jambo lingine la kusemezana.

Wiki ya tatu ilipokwisha alinitumia ujumbe wa sauti. « Mudogo wangu, ulifungula ile karto? Niliuza mbili. Moya yako, moya yangu. »

Niliucheka ujumbe huo ingawa nilikuwa na hasira. Amekaa Kentucky miaka yote hiyo, kati ya Wakenya na Watanzania, na bado anasema « niliuza » akimaanisha « nilinunua ». Mtanzania angedhani anafanya biashara ya malori. Nikalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Picha iliyo juu ya sanduku inaonyesha lori aina ya Ford LNT-8000 lenye bene nyuma, na mbele yake chuma kipana kilichopinda kama ubao wa greda. Mwenzangu wa chumbani aliuliza kama ni la kusawazisha barabara za vumbi. Nilisoma maandishi: ni la kusukuma theluji. Tulitazamana. Katika mji ambao mvua ndiyo inayozifunga barabara, nimeletewa kamio ya theluji, tena wakati nadaiwa minervali.

Yaya alinieleza kwa nini alichagua hilo. Malori ya aina hiyo watu waliyaita Louisville, kwa sababu yaliundwa katika mji huo anaokaa, kwenye kiwanda kikubwa ambacho Ford ilikifungua mwaka 1969. Yaliendelea kutoka hapo hadi mwaka 1998. Herufi T katika jina lake ina maana ya ekseli mbili nyuma. Bado anayaona machache barabarani, mazee, yenye kutu. Katika majira yake ya baridi ya kwanza theluji ilianguka usiku kucha, akasimama dirishani akiamini kwamba mji umekwisha. Alfajiri akasikia dizeli inanguruma, akaona taa, akaona lori linasukuma ule weupe pembeni na nyuma yake linamwaga chumvi barabarani. « Chumvi, mudogo. Chumvi ya bure, chini. » Saa moja baadaye alikwenda kazini kama watu wengine.

Kampuni iliyotoa lori hilo dogo kwa mara ya kwanza iliitwa AMT, nayo ilianza mwaka 1948 katika jimbo la Michigan, palipo viwanda vya magari. Mwanzoni haikuwauzia watoto. Ilitengeneza magari madogo yaliyokwisha kuungwa, yenye rangi zile zile za kiwandani, ili wauzaji wa magari ya kweli wawaonyeshe wateja. Mwaka 1958 ikaanza kutoa magari ya mwaka huo huo katika vipande, na mnunuzi akachagua mwenyewe: aliunge kama lilivyotoka kiwandani, aligeuze apendavyo, au alifanye la mashindano. Lori langu limetolewa upya majuzi, lakini linafuata lile la miaka ya 1970. Ndiyo maana kingo zake nyingine zina mabaki membamba ya plastiki ambayo mtu lazima ayakwangue kwanza.

Kipimo chake ni 1 kwa 25. Sentimita moja ya lori hili ni sentimita 25 za lori la kweli. Mama anasema Baba alikuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 75. Nilipiga hesabu hiyo usiku wa kwanza: katika kabini hii Baba angekuwa na sentimita 7.

Tulikubaliana kujenga kila Jumapili, saa tatu usiku kwangu, ambayo ni saa nane mchana kwake wakati wa baridi. Simu naiegemeza kwenye sufuria, yeye yake sijui anaiegemeza wapi. Yeye ana koleo maalum za kukatia na gundi ya kweli, ile inayoyeyusha kidogo plastiki ili vipande viwili viwe kimoja. Mimi nilikuwa na kikata kucha, tupa ya kucha, na gundi ya haraka ya sokoni.

Vipande havikai ovyo ndani ya sanduku. Vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja na namba yake, na unakikata pale kinaposhikana na fremu. Nilimuuliza Yaya fremu ile tuiite nini. Alisema: mti. Unachuma kipande kama embe, na ukikivuta bila kukata kinaondoka na nyama yake. Nililiandika neno hilo, maana mwalimu wetu wa tafsiri alikuwa ametutaka tulete maandishi ya kazi ya mikono tuyatie katika Kiswahili, nami niliamua kuleta karatasi ya maelezo ya lori.

Kazi hiyo ilinifundisha zaidi ya nilivyotaka. Kamusi zilinipa boneti na kioo cha mbele. Nikaenda kwenye garaji iliyo nyuma ya soko la mtaani kwetu, nikiwa na kabini mkononi, na mafundi wakanizunguka. Kwao boneti ni kapo, kioo cha mbele ni parabrizi, tairi ni pine, mhimili unaopeleka nguvu nyuma ni kardani. Mzee mmoja aliigeuza injini ndogo kwa ncha ya kidole, akahesabu, akasema: « Hii ni dizeli. Banaiweka muzuri. » Kisha akanionyesha kwamba nilikuwa nimeunga resori za nyuma juu chini. Alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani nikazibandua kwa wembe, nikavunja moja, nikaiunga tena. Katika zoezi langu niliandika maneno ya kamusi upande mmoja na maneno ya garaji upande wa pili. Niliogopa kuyachagua haya na kuyaacha yale.

Rangi ilituletea mabishano. Nilianza kwa kujaribu rangi ya kucha juu ya mti, plastiki ikakunjamana kama ngozi iliyoungua. Bahati nilijaribu pale na siyo juu ya kabini. Nikanunua kikopo cha rangi ya mafuta dukani. Lakini rangi gani? Nilimuuliza Yaya lori la Baba lilikuwa la rangi gani. Akajibu papo hapo: kijani. Nilimpigia Mama simu Kalemie. Mama akasema buluu, na akashangaa kwamba mtu anaweza kusema kijani, maana yeye ndiye aliyekuwa akiliosha ziwani kila Jumamosi. Nilimpa Yaya jibu hilo. Alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa na miaka mitano lori lilipochukuliwa, na makopo yote aliyoyapaka majani mabichi kambini, ili yawe kijani, yalikuwa juu ya neno lake. Mimi nilipaka buluu. Yeye alipaka kijani, na sikumwambia kitu.

Mwezi wa Machi lilibaki jambo dogo: vioo. Nilitaka Jumapili Yaya alikute lori limekwisha, basi Jumamosi usiku nilibandika parabrizi kwa gundi yangu ya haraka, nikaufunga mlango wa kabini, nikalala. Asubuhi kioo chote kilikuwa cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Moshi wa gundi ile ulikuwa umejaa ndani ya kabini na kuganda juu ya kioo. Nilikaa sakafuni nikalia. Nalia kwa ajili ya plastiki, nilijiambia, na bado nikaendelea. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Nikampigia Yaya bila kufikiri, nikaacha simu iite, nikijua kwamba kule ni saa tano usiku na yeye yuko kazini ghalani, mahali ambapo simu hairuhusiwi.

Aliitika mara moja. Nyuma yake niliona ukuta wa chumba chake na lori la kijani juu ya meza.

« Yaya, hauko kazini? »

Alitazama pembeni. Kisha akasema kwamba tangu Novemba walikuwa wamempunguzia saa. Usiku mbili kwa wiki, wakati mwingine moja. Anatafuta pengine, hajapata. Nilipoomba zile dola 400 alikuwa na 70 na kitu, na kodi ilikuwa inamngoja. Alikwenda dukani kutafuta viatu vya kazi, akayaona yale masanduku mawili kwenye rafu ya bei iliyoshuka, akayachukua, akarudi nyumbani bila viatu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza mimi: « Mungeniamini? »

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilikumbuka jinsi Mama na mimi tulivyokuwa tukimsema kila fedha zilipochelewa, kwamba Marekani imemsahaulisha, kwamba mtu hawezi kukosa dola katika nchi ya dola. Sikujibu. Yeye pia hakungoja jibu. Aliniomba nikisogeze kioo karibu na simu, akakitazama, akasema nitoe parabrizi taratibu kwa wembe, nikisugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kwa duara ndogo, bila haraka. Na nikikirudisha nitumie gundi nyeupe ya mbao, ambayo haitoi moshi.

Nilisugua usiku nne. Weupe uliondoka, isipokuwa kwenye kona ya kushoto ambako umebaki kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa.

Minervali ililipwa na Mama kwa mafungu, kwa ndagala alizokausha na kuziuzisha. Tulimweleza ukweli sisi wawili pamoja, Jumapili iliyofuata. Alinyamaza, halafu akamuuliza Yaya anakula nini. Mwezi wa Mei Yaya alinitumia dola 60 bila maelezo, nami nilizipokea bila kuuliza nyingine ziko wapi. Kama alifanya vema kununua malori wakati ule, mpaka leo sijaamua. Siku nyingine nahesabu bei ya masanduku mawili, naona ni vitabu nilivyovikosa mwaka mzima. Siku nyingine nahesabu Jumapili zetu.

Zoezi langu la tafsiri lilipata 14 juu ya 20. Chini ya neno « mti » mwalimu aliandika: limetoka wapi? Nilimjibu kwamba limetoka Louisville.

Lori liko juu ya rafu, kati ya kamusi na kopo la chai. Wageni hulisukuma kidogo ili waone kama magurudumu yanazunguka. Yanazunguka. Wanauliza lile chuma la mbele ni la nini, nami nawaeleza theluji na chumvi, na hakuna anayeamini habari ya chumvi. Kiti cha dereva nimekiacha wazi. Yaya alinishauri nitengeneze dereva wa udongo, wa sentimita 7, na nilijaribu mara mbili, lakini sikumbuki uso wake. Yaya anaukumbuka. Amesema ataufinyanga yeye kule, wawili, na kuutuma mmoja siku mtu wa kanisa lao akisafiri tena.