Msogeze Mtoto Mlangoni Penye Jua

Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 6 Makongeni, Thika, kumwona nyanya yake. Hata chai ya kwanza haikuwa imeisha mama alipouona mkono wa mtoto. Alimwita, akamsogeza mlangoni penye jua, akaunyoosha mkono na kukipapasa kikunjo cha kiwiko kwa mgongo wa vidole.

"Usiku anajikuna?"

"Sana, mama."

"Na wewe ulikuwa na pumu ukiwa mdogo, unakumbuka? Basi hii si mashilingi. Ni ile ya kurithi."

Mama alitumia dakika mbili. Kule Luton, Uingereza, tunakoishi, jibu hilohilo lilituchukua miezi mitano na madaktari watatu. Ulikuwa ukurutu, ambao majirani zetu Watanzania huuita pumu ya ngozi, na kweli huandamana na pumu katika familia nyingi.

Daktari wa kwanza alitafuta wekundu. Hakuuona, akasema ni ukavu wa baridi. Lakini ngozi nyeusi ikivimba, mara nyingi haiwi nyekundu: huiva ikawa nyeusi zaidi, au zambarau, au kijivu, na mara nyingine hutoa vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Picha nyingi katika vitabu vya udaktari ni za ngozi nyeupe. Mwaka 2020, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari St George's, London, alishirikiana na wahadhiri wake kutoa kijitabu Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Laiti daktari wetu wa kwanza angekuwa amekisoma.

Hata hivyo, kuna jambo la Uingereza ninaloliheshimu. Krimu kali ya steroidi huipati bila cheti cha daktari. Unasubiri na unaudhika, lakini lazima mtu akuangalie kabla ya kukupa dawa.

Tukirudi Kenya: wiki moja baada ya kutoka kwa mama, nililala kwa dada yangu Kimbo, Ruiru. Mwanawe alikuwa na mabaka shavuni na shingoni, yasiyo na umbo la kueleweka. Yalianza, dada alisema, kama duara moja kubwa kama sarafu ya shilingi 20: ukingo umeinuka na una magamba, katikati pasafi. Hayo ndiyo mashilingi, fangasi ya ngozi, na jina lenyewe linakuonyesha umbo lake. Kwenye kemisti aliuziwa tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Hakuna aliyeuangalia uso wa mtoto.

Mwasho uliisha ndani ya siku tatu. Steroidi hutuliza mwasho na kufuta ukingo, lakini pia huipunguzia ngozi kinga yake, na fangasi ikaendelea kutambaa chini kwa chini. Dada akanunua tyubu ya pili, kisha ya tatu. Kufikia hapo duara lilikuwa limepotea, na hata jicho la mama yangu lisingeweza kuyatambua mashilingi hayo. Ilibidi hospitalini wakwangue magamba na kuyatazama kwa hadubini.

Yakiwa kichwani, mashilingi hukata nywele na kuacha vipara vyenye magamba. Hapo krimu haifiki kwenye shina la unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na mashine ya kinyozi isafishwe kila baada ya kichwa.

Upele, ugonjwa wa tatu unaowasha, nao una tabia yake. Huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na haukawii kuhamia kitanda cha pili. Ukimtibu mmoja, umepoteza pesa: nyumba nzima ipake dawa siku moja, hata asiyejikuna, nguo na matandiko yafuliwe, na dawa irudiwe baada ya wiki. Wala si ugonjwa wa uchafu au wa Afrika peke yake. Mabweni ya wanafunzi Uingereza yanaujua vizuri.

Wenzangu mlio ng'ambo, mwelezeni daktari rangi ya kawaida ya mtoto wenu na nani katika ukoo ana pumu, na mpige picha siku ngozi imechachamaa. Nanyi mlio nyumbani, macho ya kuitambua ngozi yetu mnayo tayari, msiyapuuze. Msogeze mtoto mlangoni penye jua, uulize: baka lina ukingo? Linawasha usiku? Nani mwingine humu ndani anajikuna? Kisha igeuze tyubu uisome. Ukiona steroidi kali kama betamethasone au clobetasol, usiipake mpaka aliyesomea kazi hiyo aiangalie ngozi yenyewe.